Baiti ya Thelathini na Saba

Endel Rannamets aliliunda faili letu
enzi kumbukumbu ya kompyuta ikiuzwa kama dhahabu.
Alikuwa bahili, na ubahili wake ukatulisha:
umbo moja la mchoro, baiti arobaini,
rangi na upana na mshale vimebanwa
kama samaki wa kopo.
Hakuandika popote kipi kinakaa wapi.
"Humu," alisema, akijigonga paji.
Kisha kiharusi kikaja, kikachukua maneno,
kikaacha kichwa.

Mali bila daftari, walishasema wahenga;
sisi mali yetu yote ilikuwa daftari,
ila lililofungwa kwa ndani.

Hivyo majira yote ya baridi, hapa Tartu,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la nyuzi za gitaa,
mimi na Kaspar tulisoma sifuri na moja.
Baiti ya tano, upana. Ya kumi na mbili, rangi.
Ya ishirini, vali imefunguliwa au imefungwa.
Kila tulichokitambua tulikipa jina,
tukakiweka kwenye mabano ya pembe,
la kufungua, la kufunga, mkwaju mahali pake,
kwa XML, ambayo hata mwanangu wa darasa la sita
angeifuata kwa kidole.
Faili likanenepa mara kumi na tano.
"Mzee angelia," Kaspar akasema.

Ikabaki baiti moja. Ya thelathini na saba.
Si rangi, si tarehe; ukiibadili,
kwenye kioo hakitikisiki kitu.
Tatu, tisa, kumi na mbili, nne.
Tukaiita *haijulikani*.
Tiiu, mkuu wetu, akasema: itupeni.

Jumapili nikapanda basi hadi Elva,
kwenye nyumba ya wazee inayonuka kabichi,
nikamwekea Endel karatasi moja mapajani.
Akasoma. Mkono wa kushoto ukishuka taratibu
kila mstari, kila mkwaju,
kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe
kwa mwandiko wa jirani.
Akafika kwenye *haijulikani*.
Akaashiria kalamu.
Akakata neno, akaandika, herufi zikiyumba:
*kusita*.

Kusita! Bahili yule, aliyeipunja hata tarehe,
alitenga baiti nzima
kupima sehemu za kumi za sekunde
ambazo mchoraji alilishika umbo hewani
kabla ya kuliachilia.

Usiku ule nikafungua mchoro wa mabomba ya maji moto ya mji,
wa mwaka tisini na nne. Mchoraji: mimi,
miaka ishirini na miwili, kazi ya kwanza.
Tatu. Tisa. Nne. Tatu.
Kisha, kona ya mtaa wa Kastani:

     <vali hali="imefungwa" kusita="255"/>

Mia mbili hamsini na tano ndio ukomo wa baiti.
Sekunde ishirini na tano na nusu, kisha inaacha kuhesabu.
Faili jipya lina nafasi ya tarakimu zozote utakazo,
nami sina cha kuongeza.

Nakumbuka karatasi ya fundi, imelowa theluji,
wino umetapakaa palepale.
Imefunguliwa? Imefungwa?
Kuuliza si ujinga,
lakini nilikuwa na miaka ishirini na miwili.
Nikabahatisha.
Miaka kumi na tisa mchoro ule umening'inia
ukutani mwa ofisi ya joto, mistari imenyooka,
hauna hata kigugumizi.

Asubuhi nilimwambia Tiiu baiti ile haitupwi.
Kisha nikapiga simu ofisi ya joto.
"Naitwa Urve Sepping. Nendeni mkaiangalie vali ya Kastani."
"Kuna nini?"
"Sijui," nikasema,
neno nililodaiwa tangu tisini na nne.

Wamesema Jumanne,
theluji ikipungua.